Beseni la Msomaji

Wanawake wanaochambua kahawa kwenye ghala moja pale Kayanga, Karagwe, wana utaratibu wao ambao hakuna bosi aliyewapangia. Wengine wakiwa wameketi kwenye mikeka, ungo mapajani, wakitoa punje nyeusi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu, mmoja wao hukaa juu ya gunia lililokunjwa na kuwasomea kitabu kwa sauti. Msomaji hachambui. Mbele yake huwekwa beseni tupu, na kila anayependezwa na anachosikia huchota konzi ya punje safi kutoka kwenye rundo lake na kuimwaga humo, ili jioni msomaji naye awe na cha kupeleka kwenye mizani. Halazimishwi mtu. Kitabu kikinoga, beseni hufurika kabla ya saa saba mchana. Kikichosha, mikono inabaki kwenye ungo, na msomaji anarudi kwake na koo lililokauka tu.

Msomaji wao kwa mwaka wa nne sasa ni Mackrine wa Ihanda, mama yake Evelyn. Ukipishana naye asubuhi juu ya baiskeli, kanga imefungwa ovyo na ungo umening'inia mgongoni, huwezi kumdhania lolote. Wengi hawamdhanii lolote hadi leo.

Alizaliwa hapo hapo Ihanda, kwa mwinjilisti wa Kilutheri aliyekuwa na macho mabovu na sauti kubwa. Macho yalipozidi kuharibika, mzee akamfanya binti yake awe macho yake. Tangu akiwa darasa la nne, Mackrine alisimama mbele ya watu na kusoma Neno, huku baba yake akimfinya mkono kila alipokimbiza maneno. Huko ndiko alikojifunza kusoma hata bibi aliyeketi nyuma kabisa akamwelewa. Kidato cha nne matokeo yalikuja mabaya kila somo isipokuwa Kiswahili. Baba yake akasema Kiswahili hata mwizi anakijua, na habari ya shule ikaishia hapo. Akaolewa na Placidius, mtu mpole mwenye kibanja cha migomba na kahawa, akamzaa Evelyn, akalima, akachuma, akaanika.

Lakini alikuwa na tamaa moja, na tuseme wazi kwamba ilimtesa. Alitaka kuandika riwaya. Si shairi la kusomwa kwenye mahafali wala igizo la kanisani, bali kitabu kizima chenye jina lake juu ya jalada. Aliandika mchana, akilinda kahawa iliyoanikwa uani isiparuliwe na kuku, kwenye kurasa zilizobaki nyuma ya madaftari ya Evelyn. Placidius alikuwa akipita na panga begani anamtania: "Mwandishi, kuku wako wanasoma kahawa." Mackrine anarusha kijiti, kuku wanakimbia, anaendelea. Kila alichoandika alikisoma kesho yake, akakichana.

Kwanza alitafuta mwalimu kwenye vitabu vizuri, vile ambavyo Evelyn aliazima shuleni. Havikumsaidia kitu. Alivisoma akalia, akacheka, akasahau maharage jikoni, na alipofika mwisho hakujua mwenye kitabu alikuwa amefanyaje. Ilikuwa kama kuangalia gauni lililoshonwa na fundi hodari: unaona limekaa vizuri, mshono huuoni.

Kilichomfungua macho ni kitabu kibovu. Kinauzwa, au kilikuwa kinauzwa, na mzee mmoja pale stendi ya Kayanga anayetandaza vitabu kwenye turubai pamoja na betri na viwembe. Kiliitwa Penzi la Bahasha Nyekundu, na mtunzi wake alijiita Profesa bila kusema wa nini. Mackrine alikinunua kwa sababu kilikuwa cha bei rahisi kuliko vyote na wenzake walikuwa wamechoka kusomewa tena kitabu cha msimu uliopita.

Siku ile ghala lilipasuka kwa vicheko. Msichana wa kitabuni, Jasmini, alikuwa akilia kila ukurasa, hata alipoletewa chipsi, na Costansia, ambaye hana breki mdomoni, akaanza kumhesabia: "Kilio cha tisa! Mtafutieni maji, atakauka huyu." Jambazi aliyepigwa risasi akafa ukurasa wa kumi na nane alionekana ukurasa wa sitini akinywa soda. Kisha meli kubwa kutoka Bukoba ikatia nanga Karagwe. Hapo Mackrine mwenyewe alishindwa kuendelea. Wanawake waliinuka kwenye mikeka wakishikilia mbavu. "Yee mawe, meli! Imepita kwenye migomba ya nani?" Nyungo mbili zilimwagika na msimamizi akaja kuuliza nani amekufa.

Baada ya vicheko, beseni likabaki karibu tupu. Hilo ndilo Mackrine aliloondoka nalo. Walicheka siku nzima, wakafurahi siku nzima, na bado hawakukipa kitabu hata konzi mbili. Akaanza kuangalia mikono badala ya nyuso. Jioni, kabla hajapanda baiskeli, alikuwa anaandika kwenye kidaftari chake mahali mkono wa kwanza uliposimama na kwa nini. Kilio cha kwanza cha Jasmini, Nikuze, jirani yake wa mkeka, alimwaga konzi. Cha pili, nusu konzi. Kuanzia cha tatu hapakuwa na kitu. Basi Mackrine akarudi kwenye andiko lake mwenyewe, akahesabu, akakuta shujaa wake analia mara kumi na nne katika sura moja. Aliona aibu kana kwamba amekutwa sokoni bila nguo.

Tangu hapo akawa mteja wa vitabu vibaya. Yule mzee wa stendi alidhani anamkejeli. "Shikamoo mzee. Una kibaya zaidi ya kile?" "Marahaba. Kibaya kivipi, mama? Kilichochanika?" "Hapana. Kilichoandikwa vibaya." Mzee alimtazama, kisha akamchambulia kwa uaminifu, maana alivijua vitabu vyake. Mackrine alivisoma kama mtu anayechungulia jikoni kwa jirani aliyeunguza chakula. Humo makosa yamelala juu, kila mtu anayaona. Kuna kimoja watu wote walizungumza kama hakimu. Kingine kilieleza mvua kwa kurasa tatu wakati mtu amening'inia juu ya kisima na Costansia anapiga kelele, "Kwanza mtoeni!" Kila kosa alilolicheka ghalani alilikuta nyumbani kwenye daftari, na kila alipolifuta maandishi yake yalipumua kidogo.

Somo kubwa kuliko yote alilipata kwa Anatolia. Huyu ndiye mkubwa wao pale, mama wa miaka sitini na kitu, Mkatoliki wa misa ya kwanza, ambaye vidole vyake vinachambua hata akisinzia. Walikuwa wanasikiliza habari za mwizi fulani anayeiba tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Anatolia akasimamisha ungo.

"Huyu mwizi anaiba tu? Hana njaa? Hana mke mgonjwa, hana hata choyo?"

"Hawakuandika, mama," Mackrine alijibu.

"Basi aliyeandika ni mvivu. Hajamuuliza mtu wake swali hata moja."

Mackrine aliandika maneno hayo kwenye kidaftari na kuyapigia mstari mara mbili. Kumbuka kwamba aliyapigia mstari, kwa sababu yanayofuata hayana udhuru.

Msimu wa mwaka jana riwaya yake ikaisha. Akaipeleka kwenye duka la kuchapa karibu na stendi, ikachapwa, ikatobolewa, ikafungwa, na akaifunika kwa karatasi ya kalenda ya zamani. Akawaambia wenzake ni kitabu cha mtu mmoja wa Kyerwa. Hakutaka wampe konzi za urafiki. Na moyoni alikuwa ameweka ahadi: beseni likijaa, ataipeleka Mwanza kwa mchapishaji, lisipojaa, ataacha kuandika moja kwa moja, arudi kwenye kuku na kahawa, na asimsumbue tena Mungu wala Placidius kwa jambo hilo.

Siku ya kwanza lilijaa kufikia robo tatu. Siku ya pili lilijaa. Mackrine alisoma kwa sauti iliyotulia. Siku ya tatu akafika kwenye sura ya Adventina.

Lazima kwanza niseme habari za Nikuze. Mle ghalani kila mtu anaitwa kwa mtoto wake, Mackrine ni Mama Evelyn, Costansia ni Mama Dastan, au kwa heshima ya umri kama Anatolia. Nikuze peke yake aliitwa Nikuze. Alivuka kutoka Burundi akiwa msichana, akapata kijishamba huko Rugu, na msimu wa kahawa alipanga chumba Kayanga. Hakuwa na mtoto aliyeonekana. Lakini watu waliwahi kumwona, mara mbili au tatu, akishona nguo ndogo kwa mkono wakati wa chakula, na ikasemwa kwamba aliacha kitoto kichanga ng'ambo akamfuata mwanamume. Nani alisema, hakuna ajuaye. Ilisemwa tu, kwa sauti ya chini, yeye akiwa ameenda kuchota maji. Mackrine alikaa naye mkeka mmoja miaka minne. Walikula ndizi na maharage kwenye sahani moja. Mwaka wa kwanza, Mackrine akiwa bado anachambua, homa ilipomlaza Evelyn, Nikuze ndiye aliyechambua rundo la Mackrine juu ya lake, siku nne, bila kuombwa.

Na Adventina wa kitabuni alikuwa mwanamke wa Kyerwa, mrefu ilhali Nikuze ni mfupi, mweupe ilhali Nikuze ni mweusi. Mackrine alidhani amebadilisha vya kutosha. Lakini Adventina hakuna aliyemwita mama wa mtu. Adventina alishona nguo ndogo asubuhi na kuzificha jioni. Adventina alikilaza kichanga chake kwenye majani karibu na mto, akavuka asigeuke nyuma, "kwa sababu moyo wake ulikuwa jiwe tangu kuzaliwa." Hivyo ndivyo alivyoandika, yule yule aliyepigia mstari mara mbili.

Alisoma, na konzi zikaanza kumiminika. Hakuwahi kuona kitu kama kile. Wanawake walichota bila kuangalia, macho kwake, midomo wazi. "Mwanamke gani huyu, waitu!" "Mnyama!" "Soma, soma!" Beseni likafurika, punje zikamwagika kwenye sakafu, mtu akaleta la pili. Mackrine alihisi joto likimpanda kutoka tumboni hadi masikioni. Akawaza, nimekuwa mwandishi. Akaona mkono wa Nikuze nao ukija, konzi moja iliyojaa, ikamwagwa taratibu juu ya zile nyingine. Alifurahi zaidi kwa ile kuliko kwa zote.

Kesho yake Nikuze hakuja, wala kesho kutwa. Siku ya tatu Mackrine aliuliza wakati wa chakula kama kuna mwenye habari zake, labda anaumwa.

Costansia, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, aliangalia sahani. Anatolia akamwita pembeni, kwenye kivuli cha lori.

"Mwanangu, wewe ndiwe mtu wa Kyerwa?"

Mackrine akainamisha kichwa.

"Nilijua. Umemsoma Nikuze mbele yetu, na yeye amekaa."

"Mama, sikumtaja! Nilibadilisha kila kitu. Mlijuaje?"

"Tulijua kuanzia zile nguo ndogo. Sote. Unadhani kwa nini tulikuwa tunajaza?" Anatolia akafuta mikono kwenye kanga yake, ingawa ilikuwa safi. "Mimi pia nilijaza. Nimeshakwenda kuungama. Lakini nilipokuwa najaza nilisikia utamu, sitakudanganya."

Kama angemtukana ingekuwa nafuu. Mackrine alisimama pale akajua mambo mawili kwa pamoja, na lipi lilimuuma kwanza ni aibu kulisema. La kwanza halikuwa Nikuze. La kwanza lilikuwa kwamba beseni halikujazwa na ufundi wake. Wangemwaga vile vile kama angewanong'onezea kisimani. Misimu yote ile ya kuhesabu vilio na kufuta mvua, kisha kilichonoga ni umbeya. Ndipo, nyuma ya hilo, Nikuze akamjia akilini, na konzi yake.

Andiko halikwenda Mwanza. Aliliweka chini ya gunia la maharage, na Placidius alipouliza limefikia wapi, alimwambia bado linasahihishwa. Alishindwa kumwambia mumewe, yeye ambaye humwambia hata ndoto. Wiki nzima alisoma ghalani kitabu cha zamani kwa sauti mbovu, na hakuna aliyelalamika, na beseni lilikuwa linapata konzi za huruma ambazo hakuzitaka.

Jumamosi akapanda bodaboda hadi Rugu. Njiani alipanga maneno ya kuomba msamaha. Alipanga marefu, akayafupisha, akaona mafupi yana kiburi, akayarefusha tena, vumbi likimjaa puani.

Alimkuta Nikuze ameketi kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, anamenya ndizi, maganda yakianguka kwenye beseni la plastiki lenye ufa. Migomba iliyozunguka nyumba ilikuwa michache lakini imepaliwa vizuri mno.

"Hodi, dada."

"Mama Evelyn." Hakuinuka. "Evelyn hajambo?"

"Hajambo. Dada Nikuze, nimekuja kuomba radhi. Kile kitabu ni changu mimi."

"Najua. Kyerwa hakuna anayesema 'kana kwamba' mara nyingi hivyo." Nusura atabasamu, lakini hakutabasamu. Akachukua ndizi nyingine. "Vile vitabu vyako vya stendi tulivicheka, unakumbuka? Yule wa meli. Yeye hakuwahi kufika Karagwe, maskini. Alikuwa anaotea. Wewe umekaa na mimi miaka minne."

"Nilikosea."

"Hukuniuliza. Siku moja tu ungesema, Nikuze, zile nguo ni za nani? Ningekwambia. Pale pale kwenye mkeka, mchana, wote wakisikia. Nilikuwa nazishona mbele yenu. Unadhani mtu anayeficha anashonea mbele za watu? Nilikuwa nangoja mtu aulize."

Mackrine akakaa chini, kwenye udongo mtupu, na gauni lake la kanisani. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Niulize sasa? Ni za nani?"

Kisu kikasimama. Nikuze alimtazama kwa muda mrefu, bila hasira, kama mtu anayetafuta punje mbaya kwenye ungo.

"Ananiuliza nani? Mama Evelyn, au yule mtu wa Kyerwa?"

Jibu lilikuwa rahisi na Mackrine alikuwa nalo mdomoni. Ni mimi, dada, ni mimi rafiki yako. Lakini macho yake yalikuwa yameshuka kwenye kidole gumba cha Nikuze kilichopakwa utomvu mweusi wa ndizi, na kichwani mwake, bila kuitwa, neno lilikuwa tayari linatafutwa la kueleza weusi ule, na aliona jinsi kisu kilivyosimama katikati ya ganda, na akajua hapo ndipo sura ingeanzia. Alijitahidi kuacha. Hakuweza kuacha. Na uso wake, ambao baba yake alisema hauwezi kuficha hata njaa, ulionyesha yote.

"Sijui," alisema.

Nikuze akatikisa kichwa polepole, akamaliza kumenya ndizi aliyoishika, akaiweka na zingine, akabeba sufuria na kuingia ndani. Hakufunga mlango, wala hakusema karibu.

Hakufunga mlango, wala hakusema karibu. Mackrine aliisikia sentensi hiyo ikipita kichwani mwake ikiwa imekamilika, haina neno la kufuta, nzuri kuliko yoyote aliyowahi kuandika, na pale chini alipokaa akaanza kujipiga mapaja kwa ngumi, kama wanawake wanavyofanya msibani.